Moyo umetibiwa Dar, homa imemkuta Mlimba: swali moja linaloweza kuokoa maisha

Ujumbe uliingia kwenye simu ya studio wakati kipindi cha afya kinaelekea mwisho. Mama mmoja wa upande wa Mlimba aliandika: "Mdogo wangu moyo unamwenda mbio mara kwa mara. Ameambiwa aende Dar akachomwe njia za umeme ndani ya moyo. Huku mtaani tunasikia wapo waliokufa wakiwa wameshapona na kurudi nyumbani. Tumruhusu aende?"

Tulikuwa tumebakiza dakika mbili. Swali la namna hiyo halijibiwi kwa dakika mbili, kwa hiyo tuliahidi kulifanyia kazi na kuliandika hapa, ili anayetaka alisome taratibu kwenye simu yake na kumsomea mwenzake.

Jibu fupi ni kwamba kwa wagonjwa wengi walioshauriwa na daktari wa moyo, tiba hii ina faida kubwa kuliko hatari. Lakini kuna hatari moja, ndogo sana kwa idadi na kubwa sana kwa ukali, ambayo inatugusa sisi wa bonde la Kilombero kwa namna ya pekee. Haitokei kwenye kitanda cha hospitali. Hutokea wiki kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa ameshafika kwake, na dalili yake ya kwanza mara nyingi ni homa. Na hapa kwetu homa tumeizoea.

Umeme wa moyo ni kitu gani

Moyo hupiga kwa sababu una umeme wake. Juu upande wa kulia kuna kikundi kidogo cha chembe hai kinachotoa mpigo, na mpigo huo husafiri kwenye njia maalumu mpaka vyumba vya chini, moyo ukajikunja na kusukuma damu. Kwa mtu mzima aliyepumzika hilo hutokea kama mara 60 hadi 100 kwa dakika.

Wapo watu waliozaliwa na njia ya ziada. Umeme unapopita njia hiyo huzunguka na kurudi ulikotoka, moyo ukaanza ghafla kwenda mbio mara 150, 180 au zaidi kwa dakika, kisha ukaacha ghafla vilevile. Huyu mara nyingi ni kijana au mtu wa makamo ambaye kwa mambo mengine yote ni mzima.

Wapo wengine ambao vyumba vya juu vya moyo havipigi kwa mpangilio, vinatetemeka tu. Ukishika mkono wao kwenye kifundo, mapigo hayana hesabu: moja, mawili, kimya, matatu ya haraka. Hali hii huja zaidi uzeeni, au kwa wenye shinikizo la damu la muda mrefu. Hapa Afrika Mashariki huwapata pia watu wa umri mdogo ambao valvu za moyo ziliharibika kutokana na maambukizi ya koo ya utotoni ambayo hayakutibiwa. Hatari yake kubwa ni damu kuganda ndani ya moyo, bonge likapanda kwenye ubongo na kuleta kiharusi.

Tuseme wazi pia kwamba si kila moyo unaodunda ni ugonjwa wa umeme. Upungufu wa damu, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, homa yenyewe na hofu, vyote hufanya moyo uende mbio. Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kipimo cha ECG, tena ikiwezekana wakati moyo uko mbioni.

Tiba inafanywaje, na iko wapi

Madaktari wanaiita ablesheni ya katheta. Katheta ni mrija mwembamba. Unaingizwa kwenye mshipa wa kinena, unasukumwa taratibu mpaka ndani ya moyo, na ncha yake hutafuta mahali umeme unapopotea njia. Pakipatikana, ncha hiyo huchoma sehemu ndogo sana kwa joto, au huigandisha kwa baridi kali, ili umeme usipite tena hapo. Kifua hakipasuliwi. Wengi hutoka hospitali siku moja au mbili baadaye.

Si tiba ya jana. Daktari Melvin Scheinman wa San Francisco, Marekani, alieleza matokeo ya kwanza kwa binadamu mwaka 1982, wakati huo wakitumia mshtuko mkali wa umeme. Baadaye ukaja mtindo wa joto la mawimbi ya redio, ulio salama zaidi. Tony Blair alifanyiwa tiba hii Oktoba 2004 akiwa Waziri Mkuu wa Uingereza, na akaendelea kuongoza serikali mpaka Juni 2007.

Kwa Tanzania, mahali panapotajwa ni Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, JKCI, iliyoanza 2015 katika eneo la Muhimbili, Dar es Salaam. Taasisi hiyo ina mtambo wa kuchora ramani ya umeme wa moyo na kutibu kwa katheta. Huduma hii ipo Nairobi pia, na kwa miaka mingi Watanzania wenye matatizo makubwa ya moyo wamekuwa wakisafiri hadi India kutibiwa.

Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini lina upande wake mwingine. Tiba ikiwa mbali ng'ambo, wanaoipata ni wachache. Ikisogea Dar es Salaam, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023 ikitekelezwa kama ilivyokusudiwa, wagonjwa watatoka Mlimba, Malinyi, Mahenge na Mang'ula, watatibiwa, na watarudi Mlimba, Malinyi, Mahenge na Mang'ula. Zahanati zetu zitawapokea watu ambao zamani hazikuwahi kuwaona. Je, ziko tayari kuwauliza maswali yanayofaa?

Madhara kwa hesabu ya watu 1,000

Mtaani hadithi ya aliyekufa husafiri haraka kuliko hadithi za waliopona. Tuweke hesabu mezani.

Mwaka 2023 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya majaribio 89 ya ablesheni kwa wenye mtetemo wa vyumba vya juu, jumla ya wagonjwa zaidi ya 15,000. Tukiyageuza matokeo yake kuwa watu 1,000, ni hivi:

Watu 45 hivi walipata dhara lolote, dogo au kubwa. Wengine 955 hawakupata.

Watu 13 walipata tatizo kwenye mshipa wa kinena pale mrija ulipoingia, kama kuvuja damu au uvimbe.

Watu 8 walipata maji au damu kujikusanya kwenye mfuko unaouzunguka moyo. Damu ikijaa hapo moyo hubanwa ukashindwa kutanuka, na madaktari hulazimika kuitoa kwa sindano mara moja.

Watu wasiozidi 2 walipata kiharusi au dalili zake za kupita.

Waliokufa kutokana na tiba hiyo walikuwa chini ya mtu 1. Ilikuwa kama 6 katika watu 10,000.

Kwa wale wa kundi la kwanza, wenye njia ya ziada ya umeme, hali ni nzuri zaidi. Zaidi ya 90 katika 100 hupona kabisa. Dhara linaloogopwa kwao ni kuchoma kwa bahati mbaya njia halali ya umeme, mapigo yakawa ya polepole mno na mgonjwa akahitaji kuwekewa betri ya moyo. Hilo hutokea kwa chini ya mtu 1 katika 100.

Ukiyatazama madhara haya, karibu yote hujitokeza mapema. Damu ya kinena huonekana mgonjwa akiwa kitandani. Damu kwenye mfuko wa moyo kwa kawaida hujulikana ndani ya chumba cha tiba au saa chache baadaye. Yaani hutokea mbele ya watu wanaojua la kufanya, wenye vifaa mkononi.

Liko moja lisilofuata utaratibu huo.

Tundu kati ya moyo na umio

Nyuma ya chumba cha juu cha kushoto cha moyo hupita umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni kwenda tumboni. Kati ya ukuta wa moyo na umio kuna nafasi ya milimita chache tu. Daktari anapochoma ukuta wa nyuma wa chumba hicho, joto linaweza kuvuka na kuunguza umio.

Kwa wengi kidonda hicho hupona bila hata mgonjwa kujua. Kwa wachache sana hakiponi. Kinachimba polepole, siku baada ya siku, mpaka tundu linafunguka kati ya umio na moyo. Hapo hewa, mabaki ya chakula na vijidudu vya mdomoni hupata njia ya kuingia moja kwa moja kwenye damu inayokwenda kwenye ubongo. Matokeo yake ni homa, sumu ya maambukizi kwenye damu, degedege au kiharusi, na wengine hutapika damu.

Taarifa za kwanza za dhara hili zilichapishwa 2004. Mwaka 2023 ukatoka utafiti mkubwa uliokusanya habari za hospitali 214 katika nchi 35. Kati ya ablesheni 553,729, tundu hili lilipatikana kwa wagonjwa 138. Ni kama mtu 1 katika 4,000. Fikiria kijiji kizima chenye watu 4,000, wote wametibiwa moyo, na aliyepatwa ni mmoja.

Lakini kwa huyo mmoja hali ni ngumu. Karibu theluthi mbili ya waliopatwa walifariki. Tena utafiti ule ulionyesha kwamba tiba inabadilisha hesabu: waliofanyiwa upasuaji, au kuzibwa tundu kwa njia ya umio, karibu nusu walinusurika. Wale ambao hawakuzibwa tundu, karibu 9 katika 10 walifariki.

Sasa tuangalie siku. Kwa kawaida ugonjwa huo ulitambuliwa kama wiki 3 baada ya tiba, na unaweza kujitokeza popote kuanzia wiki ya kwanza hadi karibu miezi 2. Dalili iliyoonekana kwa wengi zaidi ilikuwa homa, kwa karibu watu 6 kati ya 10. Nusu walikuwa na maumivu ya kifua au maumivu wakati wa kumeza. Karibu nusu walikuwa na dalili za ubongo: kuchanganyikiwa, kupooza upande mmoja, degedege.

Jambo moja lieleweke vizuri ili tusiwatishe wasiohusika. Tundu hili linahusu ablesheni ya chumba cha juu cha kushoto, ambayo kwa sehemu kubwa hufanywa kwa wenye mtetemo wa vyumba vya juu. Aliyechomwa njia ya ziada upande wa kulia wa moyo hayuko kwenye hatari hii. Ndiyo sababu mgonjwa anapaswa kutoka hospitali akijua siyo tu kwamba "nilichomwa moyo", bali alichomwa wapi.

Kwa nini bonde letu liangalie zaidi

Mgonjwa wa wiki 3 baada ya tiba yuko wapi? Kama ni mtu wa Dar, yuko safari ya daladala moja kutoka kwa daktari aliyemtibu. Kama ni mtu wetu, yuko zaidi ya kilomita 400. Na kama ni msimu wa mpunga, huenda hata kijijini hayupo. Yuko kwenye kibanda cha shambani, huko ambako familia nyingi za bonde huhamia kulima na kuwinga ndege, na ambako simu hushika mtandao ukipanda kwenye kichuguu.

Homa inaanza usiku. Asubuhi anapandishwa bodaboda mpaka zahanati. Anapimwa malaria.

Kipimo kikionyesha malaria, anapewa dawa mseto na kurudi shambani. Hakuna wa kumlaumu mganga, kwani amefuata mwongozo. Lakini katika eneo lenye malaria kama letu, mtu anaweza kuwa na vimelea kwenye damu na wakati huohuo akawa na ugonjwa mwingine ndio unaomletea homa. Kipimo cha malaria kinajibu swali moja tu: kuna malaria au hakuna. Hakisemi kama kuna kitu kingine.

Hili si jambo la kufikirika, na ushahidi wake ulitoka hapahapa kwetu. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa watoto 1,005 wenye homa waliofika kutibiwa Dar es Salaam na Ifakara. Waliokutwa na malaria walikuwa kama 1 katika 10. Zaidi ya nusu walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na karibu robo walikuwa na ugonjwa zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Walikuwa watoto, na hawakuwa wagonjwa wa moyo. Lakini somo lao linamfaa mtu mzima pia: homa ni mlango, na nyuma yake wanaweza kusimama wengi.

Kuna mtego wa pili, nao unahusu hospitali kubwa zaidi. Mgonjwa anayelalamika kwamba kumeza kunauma, au anayetapika damu, kwa kawaida hupelekwa kwenye endoskopi, kipimo cha kuingiza mrija wenye kamera kooni ili kuona ndani ya umio na tumbo. Kwa magonjwa mengine ni kipimo kizuri sana. Kwa mwenye tundu hili kinaweza kuua, kwa sababu mrija huo hupuliza hewa ili umio utanuke, na hewa hiyo hupita kwenye tundu, ikaingia moyoni na kupanda kwenye ubongo. Kipimo kinachotakiwa kwanza ni CT skani ya kifua pamoja na dawa ya kuonyesha mishipa. Hata ikitoka safi mara ya kwanza na dalili zikaendelea, madaktari hushauri irudiwe baada ya siku chache.

Mtego wa tatu ni dawa. Baada ya ablesheni ya mtetemo, mgonjwa huendelea na dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, kwa angalau miezi 2 hadi 3, na wengine kwa maisha yao yote. Akizikatisha kwa sababu "moyo umepona", anajiweka kwenye hatari ya kiharusi. Akichanganya na diklofenaki aliyonunua duka la dawa kwa ajili ya mgongo uliochoka kwa jembe, anajiweka kwenye hatari ya kutoka damu. Zipo pia dawa za malaria, ikiwemo dawa mseto ya ALu na kwinini, zinazoweza kugusa umeme wa moyo, hasa kwa anayetumia dawa za kurekebisha mapigo. Hiyo si sababu ya kuacha kutibu malaria. Malaria inaua, itibiwe. Ni sababu ya kumwambia mtoa huduma unatumia dawa gani kabla hajakuandikia.

Teknolojia inabadilika, lakini njia ya Mlimba ni ileile

Habari njema ipo. Hospitali hupunguza hatari ya tundu kwa kupima joto ndani ya umio wakati wa tiba, kupunguza nguvu ya kuchoma ukuta wa nyuma, na kumpa mgonjwa dawa za kupunguza asidi tumboni kwa wiki kadhaa. Katika utafiti ule wa hospitali 214, waliotibiwa kwa baridi walipata tundu kwa nadra zaidi kuliko waliotibiwa kwa joto.

Kuna pia mtindo mpya unaotumia mipigo mifupi mno ya umeme, ambayo huua chembe za moyo na kuziacha karibu salama zile za umio. Marekani iliuidhinisha mwishoni mwa 2023. Katika wagonjwa 17,642 waliofuatiliwa kwenye utafiti uliochapishwa 2024, hakuna aliyepata tundu kati ya moyo na umio. Madhara mengine, kama damu kwenye mfuko wa moyo, yalibaki kwa wachache.

Kwa hiyo huenda miaka ijayo habari hii ikawa historia. Lakini mashine mpya huchukua muda kufika kote, na mpaka zifike, atakayemwokoa mgonjwa ni yule atakayemwelewa mapema.

Hapo ndipo mjadala wetu ulipo. Tunaposema huduma za kibingwa zimesogea, kwa kawaida tunahesabu mashine na madaktari. Bonde letu linajua thamani ya kusogezwa. Kabla daraja la Mto Kilombero halijazinduliwa 2018, mgonjwa wa Ulanga au Malinyi alisubiri kivuko, na usiku alisubiri asubuhi. Daraja limefupisha njia ya kwenda hospitali. Kinachotakiwa sasa ni daraja la taarifa, kutoka kwa daktari bingwa wa Dar kurudi kwa mganga wa zahanati. Ujenzi wake hauhitaji saruji. Unahitaji karatasi, namba ya simu na swali.

Nani afanye nini

Hospitali inayotibu, iwe ya Dar es Salaam, Nairobi au India, inapomruhusu mgonjwa wa mbali impe karatasi iliyoandikwa kwa Kiswahili chepesi: alifanyiwa nini, sehemu gani ya moyo, tarehe gani, dawa zake ni zipi, dalili za hatari ni zipi, na namba ya simu inayopokelewa hata usiku. Mgonjwa ana haki ya kuiomba. Asione aibu.

Zahanati na vituo vya afya viongeze swali moja kwa mtu mzima mwenye homa: "Katika miezi 3 iliyopita umefanyiwa tiba yoyote ya moyo au upasuaji wowote?" Swali hilo huchukua sekunde 5 na halina gharama. Akijibu ndiyo, kipimo cha malaria kifanyike kama kawaida, lakini ipigwe simu hospitali iliyomtibu kabla hajarudishwa nyumbani. Daktari huyo ndiye atakayesema kama mgonjwa apewe rufaa ya haraka, na hata kama aendelee kula na kunywa wakati wa safari.

Halmashauri na wasimamizi wa rufaa wafikirie masika. Barabara za Mlimba na Malinyi zikikatika, mgonjwa aliyetoka kwenye tiba kubwa ya moyo asiwe shambani ng'ambo ya maji. Ikiwezekana akae kwa ndugu Ifakara kwa hizo wiki 8 za mwanzo, karibu na Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, mahali ambapo gari linafika wakati wowote.

Familia ndiyo mlinzi wa kwanza. Mgonjwa mwenyewe akichanganyikiwa hataweza kujieleza. Mke, mume, kaka au binti ajue tarehe ya tiba na mahali karatasi ilipo.

Na wewe mgonjwa, nakili maneno haya kwenye jalada la ndani la daftari lako la matibabu, na uyapige picha kwenye simu:

"Nimefanyiwa ablesheni ya moyo tarehe fulani, chumba cha juu cha kushoto. Natumia dawa hizi. Nikipata homa, maumivu ya kifua, maumivu ya kumeza, kutapika damu, kupooza, degedege au kuchanganyikiwa ndani ya miezi 2, piga simu namba hii mara moja. Nisiwekewe mrija wa kamera kooni kabla ya CT skani ya kifua na ushauri wa daktari wa moyo."

Kama ulichomwa upande mwingine wa moyo, muulize daktari akuandikie maneno yanayokufaa.

Jibu kwa mama wa Mlimba

Mama, tumerudi kwako. Mdogo wako aende. Moyo unaokwenda mbio bila kutibiwa nao una hatari zake, na wengi waliofanyiwa tiba hii wamerudi kwenye kazi zao. Lakini kabla hajasaini fomu ya ridhaa, aulize maswali manne: Ugonjwa wangu wa umeme ni wa aina gani? Mtachoma upande gani wa moyo? Nikipata shida nikiwa kijijini nimpigie nani? Dawa zangu nitazimeza mpaka lini?

Daktari mzuri hachoki kujibu maswali hayo. Akijibiwa, ayaandike.

Halafu akirudi, msimtume shamba mapema. Mkiona homa, msiseme "ni malaria yetu ya kila siku" mkanunua dawa mseto dukani na kusubiri. Nendeni mkapime, mkiwa na daftari mkononi, na mtamke kabla hamjaulizwa: huyu alitibiwa moyo, ni wiki ya ngapi sasa.

Mara nyingi itakuwa malaria kweli, au mafua, au kifua. Mtatibiwa, mtarudi nyumbani, na mtacheka kwamba mliogopa bure. Afadhali kicheko hicho.

Makala haya ni ya kuelimisha na hayachukui nafasi ya ushauri wa daktari wako. Kama una swali, tutumie ujumbe kama alivyofanya mama huyu. Tusipoweza kulijibu hewani kwa dakika mbili, tutalijibu hapa.